Ovaroli inakukataa? Tafuta kwanza tatizo liko wapi

Hapa Mwanza kuna watu wengi sana wana ovaroli nzuri kabisa imekunjwa chini ya begi, wameivaa mara moja wakakatiza nayo Rwagasore wakarudi wamenuna, ooh haijanitoa, ooh nimekuwa kama mtu wa gereji, ooh inanibana nikikaa, basi ndo ukawa mwisho wake. Na ukiishika hiyo nguo unakuta jinzi la maana, mishono mitatu mitatu, ribiti za shaba (vile vidude vya kugongwa kwenye kona za mifuko), kitu cha kuvaa miaka na miaka. Kabla hujamgawia mdogo wako, tulia kwanza tuikague.

Jambo kubwa la kujua ni hili, suruali inashikwa na kiuno lakini ovaroli inaning'inia begani. Karibu kila lalamiko la ovaroli ukilifuatilia unakuta mtu aliinunua kama anavyonunua jinzi, akapima kiuno akapima mguu, akasahau kwamba kati ya bega na msamba kuna mwili mzima unaotakiwa kuingia humo. Naongelea zote mbili, ile ya mikanda yenye kile kipande cha kifuani, na ile ya mikono ya kufunga mbele mpaka shingoni. Pale zinapotofautiana nitasema.

INANIBANA MSAMBANI NIKIKAA AU NIKIPANDA BODA

Ivae, simama wima, afu nyanyua mikono yote miwili juu kama umeshika bomba la daladala, halafu chuchumaa mpaka chini. Ikikukata msambani au ikakuvuta mabega kwenda chini, sababu ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza nyepesi, mikanda imefungwa fupi. Ilegeze. Kile kipande cha kifuani mstari wake wa juu unatakiwa ukae usawa wa kwapa au juu kidogo, wengi wanakivuta mpaka karibu na shingo wakidhani ndo inakaa vizuri kumbe wanajinyonga wenyewe.

Ya pili ndo yenyewe sasa, mikanda umeilegeza mpaka mwisho na bado inakata, hapo kiwiliwili cha nguo ni kifupi kuliko chako na hata ukipungua kilo kumi haitasaidia mana tatizo si unene ni urefu. Pima hivi: chukua futi ya fundi, anzia juu ya bega, shuka nayo mbele upite msambani upande mgongoni mpaka urudi palepale begani. Hiyo namba ya mzunguko ndo namba yako ya ovaroli, wala usiniambie sijui wewe ni midiamu. Nguo yenyewe ukiipima hivyohivyo iizidi hiyo namba kwa sentimita 5 hadi 8, ukipenda ya kulegea ongeza. Pale Mlango Mmoja kwenye soko la mitumba huwezi kupata chumba cha kujaribia na muuzaji hana mda wa kukusubiri, kwahiyo nyumbani jipime kwa kamba ya katani, funga fundo kwenye namba yako na fundo lingine mbele yake sentimita 6 hivi, tia mfukoni. Ukiona ovaroli unaizungushia kamba tu, ikifika fundo la pili unaanza kuongea bei, isipofika unairudisha kwenye rundo hata kama rangi imekuua.

Kama tayari unayo na ni fupi, ya mikanda inaokoleka kirahisi. Mwambie fundi akate kitambaa kwenye pindo la miguu, aunge mikanda kwa nyuma pale inapoanzia, sentimita 4 kila mmoja inatosha kwa wengi. Ya mikono ni kazi zaidi, inabidi ikatwe kiunoni iingizwe mkanda wa kitambaa kuzunguka mwili mzima, na hapo usihangaike kutafuta rangi inayofanana mana haitafanana hata siku moja, weka tofauti kabisa ionekane ulikusudia. Kuna mafundi watakwambia wanaweka kiraka cha umbo la almasi msambani na tatizo limeisha. Hicho kiraka ni kizuri, kinafungua miguu ukipanda pikipiki, ila hakiongezi urefu wa kiwiliwili, kwahiyo kama mabega ndo yanavutwa utalipa na utabaki palepale.

Ikiwa kinyume chake, msamba unaning'inia karibu na magoti, fupisha mikanda kwanza. Ukifupisha mpaka kifua kinagusa kidevu na msamba bado uko chini, hiyo nguo ni ya mtu mrefu, muuzie mtu mrefu.

MKANDA UNATELEZA BEGANI

Geuka mwambie mtu akuangalie mgongoni. Mikanda ikishuka sambamba bila kukutana lazima iteleze, hasa kwa mwenye mabega ya kuinama. Ipishanishe ifanye msalaba katikati ya mgongo, chini kidogo ya usawa wa mabega, afu pale inapopishana piga nyuzi chache za mkono. Isiwe cherehani, mana utataka kuhamisha. Kama ilishapishana na bado inateleza angalia kile kidude cha kurekebishia urefu, kikichakaa kinaachia taratibu ukitembea, unatoka Kirumba uko sawa unafika mjini kifua kiko tumboni. Ukishajua urefu wako, shona hapo hapo, basi. Na mara nyingine mwenye kosa ni shati. Satini na ovaroli haviishi nyumba moja.

KLIPU INAFUNGUKA YENYEWE

Hii inaudhi na inaaibisha, mkanda unaruka mbele ya watu. Iangalie ile klipu kwa karibu, ni waya uliokunjwa wenye uwazi mpana juu na shingo nyembamba chini, kifungo kinaingia kwenye uwazi kinateremka kwenye shingo kinakwama hapo. Waya ukishapanuka shingoni kifungo kinapanda chenyewe kila ukiinama. Chukua plaizi, zungushia kitambaa klipu isikwaruzike, bana shingo kidogo kidogo pande zote mbili huku unajaribu kifungo, kiingie kwa kusukuma na dole gumba. Kikiingia bila kusukuma bado.

Kama klipu iko sawa ila kifungo kinazunguka na kulegea, shida ni kitambaa, tundu limepanuka. Hivyo vifungo havishonwi, vina kichwa kwa mbele na msumari mdogo nyuma vinagongwa pamoja. Peleka kwa fundi viatu, akitoe, aweke kipande cha jinzi kwa nyuma, agonge kipya. Anayekwambia akuwekee kifungo cha shati cha kushona hapo mpe kazi nyingine.

Dukani nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Klipu ikishikwa na sumaku ni chuma kilichopakwa rangi na huku kwetu kwa jasho na unyevu wa ziwa itashika kutu mpaka iache doa kwenye tisheti. Shaba haishikwi.

NIMETOKA NAYO MTU KANIULIZA BEI YA KUMWAGA OILI

Pole. Hili ndo lalamiko namba moja na kiukweli halina uhusiano na wewe kuvaa ovaroli, lina uhusiano na wewe kuvaa sare ya kazi nzima nzima. Mkoa huu ovaroli iko kazini kila kona, mafundi wa meli kule bandari ya kusini wana zao, viwanda vya sangara wana nyeupe na gambuti, vijana wanaotoka migodini Geita wana zile za rangi kali zenye mikanda ya kung'aa usiku. Jicho la mtu wa Mwanza limeshazoea. Kwahiyo ukichanganya bluu ile ya kung'aa, na ukubwa wa kupwaya, na kola, na buti jeusi, umeshaajiriwa.

Dawa ni kuondoa viwili kati ya hivyo, kimoja hakitoshi. Badilisha rangi: jinzi jeusi au bluu iliyokolea, kaki ya kadeti, kahawia, maziwa kama una moyo wa kufua. Ile ya mistari myembamba ya bluu na nyeupe ilikuwa ya wafanyakazi wa reli kule Marekani na sasa inavaliwa mpaka kwenye kitchen party, nzuri sana na haina mtu anayeihusisha na oili. Za mabaka ya jeshi achana nazo kabisa, hiyo si fasheni ni kesi.

Halafu kunja miguu. Mkunjo mmoja au miwili ya vidole vitatu, kifundo cha mguu kionekane, hii peke yake inabadilisha kila kitu mana fundi wa kweli hakunji, anahofia cheche na oili kuingia kwenye kiatu. Chini weka raba nyeupe au kobazi au moka. Ndani tisheti nyeupe inayokaa mwilini kwa siku za kawaida, na kama unataka utoke kweli weka shati la kitenge, rangi zake zinapanda juu ya jinzi zikiwa zimewekewa mpaka na kile kipande cha kifuani, hazipigi kelele. Dada wa hijabu ovaroli ya mikanda ndo nguo yenu hii, blauzi ya mikono mirefu ndani, juu mtandio wa rangi moja, umekamilika na umesitirika. Ofisi isiyo na masharti makali, shati jeupe lenye kola limefungwa mpaka juu na ovaroli nyeusi iliyopigwa pasi, mbona unaingia kikaoni vizuri tu.

Ya mikono ukiona nzito ivue nusu, mikono ifunge kiunoni, hapo inakuwa suruali yenye mbwembwe. Kuacha mkanda mmoja unaning'inia naona ni ya watoto wa sekondari, lakini hayo ni yangu, wengine wanapendeza.

Na kama kuna mtu bado anakwambia ovaroli ni ya kibarua, mwambie Winston Churchill akiwa waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita ya pili alikuwa anashonesha ovaroli za mikono kwa mafundi wa London, na nyingine za mahameli. Mahameli! Alizitaka kwasababu unazivaa kwa sekunde ndege za bomu zikija.

Tatizo dogo ndani ya hili: makalio yamepotea. Hiyo ni mifuko ya nyuma, imeshonwa chini sana au imeachana mbali. Fundi aifumue aipandishe sentimita 3 na kuisogeza karibu, utajishangaa.

CHOONI

Watu hawasemi lakini ndo sababu nusu ya ovaroli zinalala kabatini. Choo cha kuchuchumaa, mikanda inaanguka nyuma, na sakafu ya choo cha stendi unaijua mwenyewe. Kabla hujafungua mlango fungua klipu zote mbili, leta mikanda mbele kupitia begani, ifunge fundo moja kifuani na uishike kwa mkono mmoja wakati unashusha. Ya mikono toa mikono kwanza ukiwa umesimama, izungushe kiunoni ifunge mbele, ndo ushuke. Ukiwa unanunua mpya ya mikono tafuta yenye zipu ya vichwa viwili inayofunguka pia kutokea chini, kaka zangu mtanishukuru, dada zangu hapo tuvumiliane tu haijatusaidia.

JOTO LINANIUA

Ovaroli haikupi joto, kitambaa ndo kinakupa. Zile za bei rahisi nyingi ni polista au mchanganyiko, haziachii jasho, saa saba mchana Makoroboi utajuta. Usiamini lebo pekee, nyingine zimekatwa na nyingine zinadanganya. Geuza pindo la mguu, chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe, nasisitiza wa kitambaa, mana uzi wa kushonea mara nyingi ni polista hata kwenye pamba tupu, utajidanganya. Uchome na kiberiti mbali na nguo. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, inabaki jivu laini ukiligusa linapotea. Polista inayeyuka, inajikunja, inabaki kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili ni mchanganyiko.

Inachekesha kidogo kwamba sisi tuko katikati ya pamba, mbegu kama UK91 na UKM08 zimetoka hapo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, na bado tunavaa plastiki juani. Tafuta pamba tupu, na jinzi lisiwe zito. Uzito wa jinzi unapimwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba, ya 8 hadi 10 inavalika kwa hali yetu, ya 13 na kuendelea ni ya mvua na ya safari za usiku kwenye meli. Kama lebo haisemi shika kwa vidole viwili ukunje, ikisimama yenyewe ni nzito.

RANGI INACHUJA KWENYE SHATI, KITI, KILA KITU

Bluu ya jinzi haiingii mpaka ndani ya uzi, inakaa juu juu, katikati uzi ni mweupe, kwahiyo ikisuguliwa inatoka. Ndo maana inapendeza ikizeeka na ndo maana inakuharibia kochi la watu. Chumvi na siki havisaidii kitu hapa, nimeona watu wanaloweka usiku kucha, rangi ya jinzi haifungwi hivyo. Kinachosaidia ni kuigeuza ndani nje na kuifua peke yake maji baridi mara kadhaa mpaka maji yatoke karibu meupe, na kwa wiki za mwanzo usivae na shati jeupe wala usikae kwenye siti ya gari la shemeji.

Kama ni kinyume, imefubaa mapema na ina mistari meupe, basi unafua vibaya. Sabuni ya unga nyingi, brashi ngumu, na kuifikicha ikiwa imekunjwa, kila kunjo linachubuka. Na sisi wa milimani, Igogo, Mabatini, Bugando, tunaanika kwenye mawe, tena mawe ndo raha yetu, nguo inakauka dakika chache. Lakini jiwe likishachemka na jua likiwa juu rangi inaondoka upande mmoja na ribiti za chuma zinaacha doa la kutu. Ianike ndani nje, kivulini penye upepo wa ziwa, na usiining'inize kwa mikanda ikiwa na maji, jinzi lenye maji ni zito linavuta mikanda ndo unarudi kwenye shida ya kuteleza. Ning'iniza kwa miguu. Na wale wa kufua ziwani kwenyewe, kichocho kipo, chota maji ufulie nchi kavu.

ILIKUWA FITI, NIMEFUA IMEGOMA

Jinzi nyingi siku hizi zinabanwa kiwandani zisisinyae, teknolojia iko tangu miaka ya 1930, hizo zinapungua kidogo sana. Ila yale majinzi mabichi makavu yasiyofanyiwa hivyo yanaweza kupungua asilimia 7 hadi 10. Kwenye suruali unapoteza upindo, kwenye ovaroli mzunguko wako wa sentimita 165 ukipungua asilimia 7 umepoteza zaidi ya 11, yani imeingia msambani moja kwa moja. Ukinunua bichi loweka kwanza maji ya moto, kausha, ndo umpelekee fundi akate. Iliyokwisha kusinyaa iloweshe, ivae ikiwa na unyevu uchuchumae chuchumae nyumbani, itarudi kidogo. Maajabu usitegemee.

MIFUKO INACHANIKA KONANI

Hili tatizo ni la zamani kuliko bibi zetu. Jacob Davis, fundi nguo wa Nevada, alikuwa anasumbuliwa nalo na vibarua mpaka akaanza kupiga ribiti za shaba kwenye kona za mifuko, akaungana na Levi Strauss aliyekuwa anamuuzia vitambaa, wakapata hati ya ubunifu 1873. Kwahiyo yako ikichanika konani angalia kama ina ribiti, au ile mishono minene ya kwenda na kurudi sehemu moja. Kama haina vyote, fundi apige huo mshono kila kona kabla haijachanika, ni dakika chache. Ikishachanika kiraka kikae kwa ndani na kizidi tundu kila upande. Na simu kubwa weka mfuko wa kifuani, ndo kazi yake, ila ukiinama kuchota maji uishike.

NI YA MGODINI, IMEKUJA NA NEMBO NA MISTARI YA KUNG'AA

Zinauzwa nyingi na ni imara mno, kitambaa kinakuzidi umri. Nyingine ni za kuzuia moto, hizo usiweke jiki wala maji ya kulainisha, vinaua ile kinga. Mistari ya kung'aa kama unaendesha boda usiku iache, inakuokoa, usiipige pasi tu. Lakini nembo ya kampuni toa, ukikatiza nayo getini walinzi watataka kujua umeipata wapi na watakuwa na haki. Tumia wembe kwa nyuma ya kitambaa, kata uzi mmoja mmoja, nembo itadondoka yenyewe mbele. Utabaki na alama iliyokolea kuliko sehemu nyingine ya nguo mana pale jua halikufika, hapo shona mfuko wa kitenge juu yake, uwe mkubwa kuliko alama kwa kidole kimoja kila upande.